Mazungumzo ya 12: Karamu ya Krismasi Bila Nyama

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukisikiliza. Kama una kalamu na karatasi, ziweke karibu, kwa maana leo tuna hesabu kidogo.

Mwezi wa Desemba ukiingia, swali la kwanza katika maboma mengi si nani atakuja. Swali ni hili: "Tutachinja nini?" Kwetu sisi Krismasi imeshikana na nyama. Bila mbuzi au kuku, mtu huona kana kwamba sikukuu haijafika, na wageni watarudi makwao wakisema. Leo nataka tuzungumze kuhusu nyumba ambayo mwaka huu haitachinja. Huenda ni kwa sababu pesa hazitoshi, au mifugo ilikufa na kiangazi. Huenda wenyewe hamli nyama. Je, watoto watakula nini, na je, watashiba chakula chenye maana?

Acheni niwaeleze jambo moja. Januari moja, mama mmoja alileta mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu katika kliniki ninayofanya kazi. Tulimweka mtoto kwenye mizani. Uzani wake ulikuwa umeshuka tangu Novemba. Nilimuuliza mama watoto wanakula nini nyumbani. Alinyamaza, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Sista, mbuzi tulimla siku moja, lakini tunamlipa hadi leo."

Walikuwa wamekopa ili wanunue mbuzi wa Krismasi. Deni lilipofika, na shule nazo zikafunguliwa, waliuza kuku watatu waliokuwa wakitaga. Mtoto yule alikuwa akipata yai karibu kila siku. Kuku walipoondoka, mayai nayo yakaondoka. Kilichobaki ni uji mweupe asubuhi na ugali na mchuzi wa sukuma wiki jioni.

Sikumgombeza. Nani kati yetu hajawahi kukopa ili asiaibike mbele ya wakwe? Lakini mwezi wa Novemba uliofuata, alipoleta mtoto kupimwa, tuliketi kwenye benchi nje ya kliniki tukapanga Krismasi nyingine. Mpango huo ndio nitakaowapa leo.

Kwanza, tujue nyama huleta nini mwilini

Huwezi kuacha kitu bila kujua kilikuwa kikifanya kazi gani. Nyama hujenga mwili. Pia ina madini ya chuma, ambayo huongeza damu, na mwili huyachukua kwa urahisi. Ndiyo maana tusidanganyane kwamba kabichi na wali vinatosha kuchukua mahali pa nyama. Havitoshi.

Lakini kuna vyakula vyetu vinavyoweza kufanya kazi hiyo vikipangwa pamoja. Ndengu, mbaazi, maharagwe, kamande, njahi na njugu karanga hujenga mwili. Vikiliwa pamoja na nafaka kama vile mchele, ngano au mahindi, kila kimoja hukamilisha kinachopungua kwa mwenzake. Wazee wetu walipopika mahindi na maharagwe katika chungu kimoja hawakukosea.

Madini ya chuma pia yamo katika ndengu, maharagwe na mboga za majani, lakini hayo ni mavivu kidogo. Yanahitaji kusukumwa ili yaingie katika damu. Anayeyasukuma ni vitamini C, inayopatikana katika embe, papai, chungwa, pera, ndimu na nyanya mbichi. Kwa hivyo matunda siku hiyo si mapambo ya meza. Ni sehemu ya chakula chenyewe.

Kuna pia anayeyazuia madini hayo, naye ni chai. Chai na kahawa zikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Wape wageni maji au maji ya matunda wakati wa kula. Chai iandaliwe baadaye, angalau saa moja baada ya chakula. Na mtoto mdogo hana haja na chai.

Pili, zungumza na watu wa nyumbani mapema

Mama, usingoje asubuhi ya sikukuu watu waanze kuulizana kisu kiko wapi. Majuma mawili kabla, keti na baba watoto. Mwambie: "Baba watoto, mwaka huu tusikope. Pesa tulizo nazo zinatosha chakula kizuri cha watu wote, na Januari watoto waende shule." Mkishakubaliana, yeye ndiye awaambie ndugu zake, nawe ukazungumze na mama mkwe kwa heshima. Mwombe akusaidie kwa jambo analolijua vizuri. Mama yule wa kliniki alimwomba mama mkwe wake awe msimamizi wa mbaazi. Mzee akipewa sufuria yake, hawezi tena kuisema vibaya.

Ni bora kuwaambia watoto pia. Mtoto akijua mapema kwamba kutakuwa na chapati, pilau na maembe, atangoja chapati. Asipoambiwa, atangoja mbuzi.

Tatu, hesabu ya watu 10

Tuseme mko watu 10: wakubwa 6 na watoto 4. Andika hivi. Mchele kilo 1. Unga wa ngano kilo 2, ambao utatoa chapati 20 au zaidi. Ndengu kilo 1. Mbaazi nusu kilo. Njugu karanga nusu kilo. Mayai 10, kwa nyumba zinazokula mayai. Mafungu 4 makubwa ya majani ya kunde, mchicha au managu. Maembe 10 au mapapai 3. Kisha nyanya, vitunguu, karoti, hoho, dania, ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari ya pilau, mafuta na chumvi.

Angalia orodha hiyo tena. Desemba mvua za vuli zimenyesha na majani ya kunde yako shambani. Maembe yameanza kuiva. Ndengu na mbaazi huenda umebaki nazo ghalani. Weka alama kando ya kila kitu ulicho nacho tayari, ndipo ujue cha kununua. Nenda sokoni ukaulize bei ya vitu vilivyobaki, kisha uulize bei ya mbuzi. Hesabu hiyo nakuachia wewe.

Unaponunua nafaka na njugu, usikimbilie rahisi. Mwaka wa 2004, hapa Kenya, sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu ya ukungu, ile inayoitwa aflatoksini. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Chagua njugu na mahindi yaliyokauka vizuri. Yaliyo na ukungu, yaliyobadilika rangi, yaliyokunjamana au yenye ladha chungu, yatupe. Usimpe mtoto, usimpe kuku, usimpe ng'ombe.

Nne, namna ya kupika

Jioni ya tarehe 24, chagua mawe na uchafu katika ndengu na mbaazi, zioshe, uziloweke usiku kucha katika maji safi. Asubuhi mwaga maji hayo. Weka maji mapya, uchemshe. Kuloweka kunapunguza kuni na kunapunguza gesi tumboni.

Hapa nami nikiri kosa langu. Krismasi ya kwanza baada ya kuolewa, niliamua kuwapikia wakwe maharagwe mekundu. Nilichelewa, sikuyaloweka, nikayaweka juu ya jiko la makaa yaliyokaribia kuzima, yakapikika polepole bila kuchemka vizuri. Yalikuwa bado magumu kidogo nilipopakua. Saa mbili au tatu baadaye shemeji wawili walikuwa wakitapika nyuma ya nyumba, nami muuguzi mzima nikikimbia na maji ya chumvi na sukari. Walipona siku hiyo hiyo, lakini hadi leo wakiona maharagwe mezani kwangu hunitazama kwanza.

Maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ambayo huharibiwa na maji yanayochemka kwa nguvu. Kwa hivyo yaloweke angalau saa 5, mwaga maji, kisha yachemke kwa nguvu, mapovu yakipanda, kwa dakika 30 za kwanza. Baada ya hapo ndipo upunguze moto hadi yalainike kabisa. Ukilibonyeza haragwe kwa vidole, lipondeke bila ubishi.

Sasa pilau. Watu hudhani pilau ni nyama. La, utamu wa pilau hutoka kwenye kitunguu na viungo. Kaanga vitunguu katika mafuta hadi viwe rangi ya kahawia iliyokolea, lakini visiungue. Tia kitunguu saumu na tangawizi zilizotwangwa, kisha bizari ya pilau, kisha nyanya kidogo. Tia mbaazi kiasi zilizokwisha kuiva. Badala ya supu ya nyama, tumia yale maji ya pili uliyochemshia mbaazi, vikombe viwili kwa kila kikombe kimoja cha mchele. Yakichemka tia mchele, chumvi, funika, punguza moto. Yakikauka, weka makaa machache juu ya kifuniko. Harufu yake itafika kwa jirani kabla hujamwita.

Ndengu zilizoiva zikaangie kitunguu, nyanya, karoti na hoho, uzipike hadi mchuzi uwe mzito wa kushikana na chapati. Tia dania mwishoni. Mbaazi zilizobaki zipike kwa tui la nazi. Kama nazi haipatikani kwenu, njugu zilizokaangwa na kutwangwa zitafanya kazi hiyo.

Mboga za majani zioshe kabla ya kukata, si baada. Zikate, uzipike kwa muda mfupi, kisha tia njugu zilizotwangwa. Usizichemshe na kumwaga maji, kwa maana pamoja na maji hayo unamwaga vitamini. Managu kama ni machungu, changanya na mchicha au tia maziwa kidogo.

Kachumbari ikatwe mwisho kabisa. Osha nyanya, vitunguu na dania kwa maji safi yaliyochemshwa au kutiwa dawa, kisha kamulia ndimu.

Tano, watoto wadogo kwenye karamu

Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6, karamu yake ni titi la mama peke yake. Wageni watataka kumwonjesha mchuzi na soda. Waambie kwa upole: "Huyu wake bado." Msaidie mama anayenyonyesha apate sahani yake mapema, asiwe mtu wa mwisho kukwangua sufuria.

Mtoto wa miezi 6 na zaidi aendelee kunyonya na apewe chakula laini. Chukua ndengu zilizoiva, ziponde, changanya na kiazi au wali, tia mboga zilizokatwa ndogo ndogo na njugu zilizosagwa. Iwe nzito, isiteleze kijikoni kama maji. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili huhitaji kila mlo robo tatu ya kikombe cha mililita 250, hadi kikombe kizima. Mpe sahani yake mwenyewe. Akila sinia moja na wakubwa, wenye mikono mirefu watammaliza. Mpe embe lililopondwa baada ya chakula.

Usimpe mtoto wa chini ya miaka 5 njugu nzima. Zinaweza kumkaba, hasa watoto wakikimbia na kucheka. Daima zitwange au zisage.

Mama mjamzito naye ale vyote tulivyotaja, na asiache vidonge vyake vya kuongeza damu kwa sababu ni sikukuu. Na kwa familia ambazo hazili nyama mwaka mzima, maziwa na mayai ni muhimu, kwa maana kuna vitamini iitwayo B12 ambayo haimo katika maharagwe wala mboga. Kama hamtumii maziwa wala mayai, mwone muuguzi au daktari mapema, hasa ukiwa mjamzito au unanyonyesha.

Sita, chakula kisigeuke ugonjwa

Siku ya sikukuu watu ni wengi, choo ni kimoja, na chakula hukaa nje. Weka maji na sabuni karibu na choo na mahali pa kulia. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kwenye joto kali kisifike hata saa hizo. Ni heri kupika kwa mafungu kuliko kupika asubuhi watu wakala jioni. Wali na pilau zilizolala nje usiku msile tena, kwa sababu kuna vijidudu vinavyoacha humo sumu isiyoondoka hata ukipasha moto. Kwa nyumba zisizo na friji, pika kinachoisha. Mtoto akiendesha, mpe maji ya chumvi na sukari maalumu yanayotoka kituo cha afya pamoja na vidonge vya zinki, endelea kumnyonyesha, na umpeleke kliniki.

Neno moja kuhusu nyama ya bei rahisi

Najua kuna mtu ataniuliza: "Sista, na kama jirani anauza nyama ya ng'ombe aliyeanguka jana, bei nusu?" Mama, hapo ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Mwishoni mwa mwaka wa 2006, wakati kama huu wa sikukuu, baada ya mvua kubwa na mafuriko, homa ya Bonde la Ufa ilizuka katika sehemu za Garissa ikaenea kwingine. Kuchinja kulipigwa marufuku huko. Kufikia mwaka wa 2007 ilipotulia, watu zaidi ya 150 walikuwa wamefariki humu nchini. Ugonjwa huo huambukiza watu kupitia damu na nyama mbichi ya mnyama mgonjwa, na pia kupitia mbu. Kimeta nacho huua wanyama, na huwapata watu wanaowachuna na kuwala.

Mnyama mgonjwa au aliyekufa mwenyewe hachinjwi, hachunwi, haliwi. Mwarifu afisa wa mifugo. Nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi si ya bei rahisi. Ukikosa nyama salama, kaa bila nyama siku hiyo. Sasa unajua cha kupika badala yake.

Tukumbushane

Kabla hatujaagana, tukumbushane kwa ufupi. Kubalianeni mapema nyumbani, msikope kwa ajili ya siku moja. Panga nafaka pamoja na ndengu, mbaazi au maharagwe. Weka mboga za majani na tunda lenye vitamini C katika mlo huo huo. Chai ije saa moja baadaye. Loweka maharagwe na uyachemshe kwa nguvu. Tupa njugu na mahindi yenye ukungu. Mpe mtoto mdogo sahani yake. Na usile mnyama aliyekufa mwenyewe.

Mtaniuliza yule mama wa kliniki aliishia wapi. Krismasi hiyo ya pili hawakuchinja. Aliniambia kwamba shemeji mmoja alinung'unika kidogo alipofika, akauliza kama kuna msiba. Kisha pilau ikaletwa. Alipakua mara ya pili, na alipopakua mara ya tatu mama mkwe alimwambia aache kuongea aje achukue mbaazi.

Januari mama alileta mtoto. Nilipochora alama ya uzani katika kijitabu cha kliniki, mstari ulikuwa umepanda. Nilimuuliza kuhusu kuku. Akacheka, akafungua mkoba wake, akanitolea mayai manne yaliyofungwa kwa karatasi ya gazeti.

Nawatakia nyote sikukuu njema na watoto wenye afya. Maswali yako yalete kliniki iliyo karibu nawe au umwulize mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Hadi tutakapokutana tena, kwaherini.